Unga mweupe kwenye maboga na maua ya mwembe: nani kamwambukiza nani?

Swali: "Bibi Shamba, pole na kazi. Nipo Uyui, mkoa wa Tabora. Nina miembe mitatu karibu na nyumba. Miwili ni dodo za zamani alizotuachia baba mkwe, na mmoja ni wa kisasa, Kent, tuliupanda wenyewe. Mwezi wa sita ilitoa maua mengi hadi tukafurahi. Sasa maua yamepata unga mweupe, yanageuka kahawia na kupukutika. Chini ya miembe nilikuwa na maboga, nayo majani yake yalishika unga huohuo tangu mwezi wa nne. Jirani anasema maboga ndiyo yameambukiza miembe, niyang'oe na nisiyapande tena pale. Pembeni tuna mikorosho michanga, na baba watoto analima tumbaku. Anahofia msimu ujao unga utahamia huko. Ni kweli? Na nipige dawa gani?"

Jibu:

Shikamoo mama, na pole kwa maua. Umetaja mwezi, umetaja aina ya mwembe, umetaja na mimea iliyo jirani. Hayo yote yamenisaidia kukujibu bila kufika shambani.

Nianze na lile ambalo ukichelewa kulijua unaweza kuharibu kitu bure: usiyang'oe maboga kwa ajili ya mwembe. Weupe wa kwenye maboga na weupe wa kwenye maua ya mwembe unafanana kwa macho, na yote mawili tunayaita ubwiri unga. Lakini hizo ni aina mbili tofauti za ukungu, na kila moja ina mimea yake. Ukungu wa maboga hauwezi kuishi kwenye ua la mwembe hata upepo ukiupeleka pale kila siku. Mimi macho yangu yangekuwa kwenye ile mikorosho, ambayo jirani yako hakuitaja kabisa.

Wataalamu wanaiita jamii nzima ya ukungu huu Erysiphaceae. Aina zinazojulikana zinakaribia 900, na zikijumlishwa zinashambulia mimea aina karibu 10,000 duniani. Namba kubwa hiyo inaweza kumfanya mtu adhani ugonjwa huu haubagui. Kumbe aina nyingi zinabagua sana, na sababu ni namna zinavyokula. Ubwiri unga hauwezi kuishi kwenye jani lililokufa, wala kwenye udongo, wala kwenye samadi. Unaishi juu ya mmea ulio hai tu, kama kupe kwenye ng'ombe: mwili uko nje, mdomo umezama ndani. Kimbegu cha ukungu kikitua kwenye jani kinatoa uzi mwembamba, uzi unatoboa ngozi ya jani, na ndani ya seli ya juu kabisa unafungua kifuko cha kunyonyea. Seli haiuawi papo hapo. Inaachwa hai iendelee kutengeneza chakula, na chakula kinanyonywa. Ndiyo maana ukifuta unga kwenye jani lililoanza kuugua utakuta chini yake bado kijani.

Mmea nao haukai tu ukinyonywa. Kila jamii ya mimea ina kinga zake, na ukungu uliozoea kupenya kinga za boga ukifika kwenye mwembe unakutana na kinga usizozijua, unakufa hapo. Ubaguzi huu unaweza kufika mbali kuliko tunavyofikiri. Ngano na shayiri zote ni za jamii ya nyasi, na ubwiri unga wao kwa muda mrefu uliitwa kwa jina moja, Blumeria graminis. Hata hivyo ule wa ngano haushiki kwenye shayiri, na wa shayiri haushiki kwenye ngano. Sasa kama mimea iliyo karibu hivyo haiambukizani, boga na mwembe vipi?

Kwa hiyo mtu akitaka kujua nani anaweza kumwambukiza nani, aangalie kwanza undugu wa mimea kabla ya kuangalia ujirani wake shambani. Maboga, matango, matikiti na mamung'unya ni jamii moja, na kwenye nchi za joto kama yetu ukungu wao mkuu ni Podosphaera xanthii. Hao wanaambukizana wao kwa wao bila shida. Mizabibu ya Dodoma ina wake. Mihogo ina wake, ambao mara nyingi hauleti hasara ya kutisha. Nyanya na pilipili zinaweza kupata wa aina ya Leveillula taurica, ambao una tabia ya pekee: huo huingia ndani ya jani, kwa hiyo juu unaona madoa ya njano na unga unautafuta chini.

Mwembe na mkorosho, mama, ni ndugu wa jamii moja. Zamani ukungu wa mwembe uliitwa Oidium mangiferae, na wa mkorosho Oidium anacardii, jina lililotolewa mwaka 1898 kwa ugonjwa ulioonekana Brazil. Baadaye wataalamu walipoulinganisha kwa makini waliuweka pamoja, wakaona ni ukungu uleule kwenye miti yote miwili. Na nikuambie ukweli wote: vipimo vya vinasaba vimeonyesha pia kwamba ukungu wa mwembe haujatengana na ule wa miti ya mpira na mialoni, ambayo si ndugu zake. Kwa hiyo undugu wa mimea unatuongoza vizuri, lakini mara mojamoja ukungu unavuka mpaka. Ila kuvuka kutoka boga kwenda mwembe hakumo.

Jirani yako hakusema kwa nia mbaya, na alichokiona kinaeleweka. Aliona unga kwenye maboga mwezi wa nne na wa tano, kisha akauona kwenye miembe mwezi wa saba, akaunganisha. Kilichoviunganisha ni hali ya hewa. Magonjwa mengi ya ukungu yanataka majani yaliyolowa, na sisi tumezoea kuyategemea wakati wa masika. Ubwiri unga uko tofauti. Vimbegu vyake vimebeba maji yake ndani, havihitaji tone la mvua ili viote, na maji yakisimama juu ya jani, vingi hufa. Unachopenda ni siku kavu, usiku wa baridi, hewa yenye unyevu kidogo alfajiri, na kivuli. Huo ndio mwezi wa tano hadi wa nane wa Tabora. Baridi hiyohiyo inayousukuma mwembe utoe maua ndiyo inayoufaa ukungu, hivyo ua laini na adui yake vinafika pamoja. Hali ikiwa nzuri, kimbegu kimoja kinaweza kuzaa vingine ndani ya wiki moja, na upepo wa kiangazi unavisambaza.

Kabla hujanunua dawa yoyote, hakikisha kwamba ulichonacho ni ubwiri unga kweli. Chukua kikonyo cha maua ya mwembe, kipitishe kati ya vidole. Ubwiri unga unatoka kama vumbi na kuacha ua au kikonyo kilichobadilika rangi. Ukigusa ukasikia kitu kinanata, ukaona vijidudu vyeupe vyenye nta, sisimizi wanapanda na kushuka, na masizi meusi kwenye majani ya chini, hao ni vidung'ata, na dawa ya salfa nitakayoitaja haitawaondoa. Ukikuta maua yana madoa meusi yasiyo na unga wowote, na yalianza baada ya mvua au ukungu mzito wa asubuhi, fikiria ugonjwa wa chule. Na kwenye maboga kuna mtego ambao umewapotosha wakulima wengi: aina nyingine za maboga huzaliwa na mabaka ya rangi ya fedha kwenye majani, hasa pale mishipa inapokutana. Hayo hayafutiki kwa kidole na si ugonjwa. Kuna pia ubwiri vinyoya, ambao jina linakaribiana na huu lakini ni kimelea cha mbali kabisa. Huo unaanza na madoa ya njano yenye pembepembe juu ya jani, na chini unaota vinyoya vya kijivu, nao unapenda mvua. Salfa haiutibu. Watu wanapoteza fedha nyingi kwa kuuchanganya na ubwiri unga, kwa hiyo geuza jani utazame chini kabla ya kwenda dukani.

Kwa maelezo yako, unga mweupe, kiangazi, maua kugeuka kahawia, mimi naamini ni ubwiri unga. Kent ni kati ya miembe inayoushika kwa urahisi. Tommy Atkins, kwa mfano, inauvumilia zaidi. Siku nyingine mkiongeza miche, kumbukeni hilo.

Usikate tamaa kwa kuona maua yanapukutika. Kikonyo kimoja cha mwembe kinaweza kubeba maua mamia, hata maelfu, na kati ya mia halifiki moja linalokuwa embe, hata kwenye mti wenye afya. Kupukutika peke yake hakumaanishi hasara. Hasara ni pale kikonyo chote kinapokauka kabla vitunda havijashika, au vitunda vidogo vinapopata unga na kudondoka. Vikonyo vilivyokwisha kuwa kahawia vyote havirudi, usivipigie dawa. Lakini mwembe mara nyingi hautoi maua yake yote kwa wakati mmoja. Tazama upande wa mti unaochelewa. Vikonyo ambavyo bado ni vya kijani au vya pinki, na vile ambavyo maua yake ndiyo yanafunguka, ndivyo vya kuokoa.

Dawa ninayokushauri ni salfa. Ni ya zamani, na bado naiamini. Mwaka 1845 mtunza bustani mmoja wa mji wa Margate, Uingereza, aliyeitwa Edward Tucker, aliona unga mweupe kwenye mizabibu yake na akaona kwamba salfa inauzuia. Miaka michache baadaye ugonjwa huo ulifika Ufaransa ukakaribia kuua kilimo cha zabibu. Mavuno ya mwaka 1854 yalikuwa mabaya mno, na salfa ndiyo iliyowainua. Hapa kwetu ugonjwa ulipoonekana kwenye mikorosho ya kusini mwishoni mwa miaka ya 1970, salfa ya unga ndiyo iliyotumika kuupunguza, na wakulima wa Mtwara na Lindi wanaitumia hadi leo.

Ukungu haujaizoea salfa kwa miaka yote hiyo, na sababu ni kwamba salfa inavuruga mambo mengi ndani yake kwa mara moja. Dawa za kisasa zinazoingia ndani ya mmea ni kali na zinafanya kazi haraka, lakini nyingi hugusa sehemu moja tu ya ukungu. Ukiirudia moja kila mara, ukungu unajifunza kuikwepa. Kama utalazimika kutumia hizo, badilisha kundi la dawa kila baada ya mpigo mmoja au miwili, na uhakikishe kopo lina namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Muuzaji akishindwa kukuonyesha namba hiyo, rudi nyumbani na fedha yako.

Kwa mwembe wa Kent nunua salfa ya kuchanganya na maji, ile ya asilimia 80. Kiwango cha kawaida ni gramu 2 hadi 3 kwa lita moja ya maji, ambayo kwa bomba la mgongoni la lita 16 ni gramu 32 hadi 48. Lakini lebo ya pakiti uliyonunua ikisema tofauti, fuata lebo. Piga asubuhi na mapema upepo ukiwa umetulia, au jioni. Usipige jua likiwa kali. Joto likipita nyuzi 30 na kitu, salfa inaunguza maua na majani machanga, na Tabora ikishafika mwezi wa tisa hilo si jambo la kubahatisha. Usiipige pia ndani ya wiki mbili kabla au baada ya kupiga dawa yoyote ya mafuta. Vaa miwani au kitu cha kukinga macho, funika pua na mdomo, vaa mikono mirefu, na funika kisima na mapipa ya maji.

Kuhusu muda, hapa ndipo wengi tunakosea Tabora: tunasubiri kuona unga ndipo tutafute bomba. Salfa inakinga kuliko inavyotibu. Mpigo wa kwanza ni vikonyo vinapochomoza na maua bado hayajafunguka. Wa pili ni maua yanapofunguka, siku 10 hadi 14 baadaye. Wa tatu ni vitunda vinapoanza kuonekana. Tunda likishafika ukubwa wa goroli, hatari kubwa imepita. Kwa mwaka huu umeshapitwa na mpigo wa kwanza kwa maua yale ya mwanzo, basi piga sasa kwa ajili ya yaliyobaki, na urudie baada ya siku hizo. Mwakani anza kuukagua mti kila siku chache kuanzia mwisho wa mwezi wa tano.

Na tafadhali sana, usichanganye dawa ya kuua wadudu kwenye bomba hilo wakati mti uko kwenye maua. Najua dukani watakushauri upige zote mbili kwa pamoja ili kuokoa muda. Maua ya mwembe yanachavushwa na nzi na nyuki, na sisi mkoa huu asali ni chakula, ni ada ya watoto shuleni, ni jina letu nje ya mkoa. Ukiua nyuki umejinyima maembe na umemnyima jirani asali yake.

Zile dodo mbili za baba mkwe nazitenga. Kama ni kubwa kama miembe mingi ya zamani ya Tabora na Ujiji, ile inayosimuliwa kuwa ya enzi za misafara, bomba la mgongoni halitafika hata nusu ya mti. Inayofaa ni blowa, mashine ya injini ya kupulizia dawa inayotumika kwenye korosho. Ukipata ya kukodi kwa bei nzuri, vizuri. Usipopata, mimi nisingekushauri uhangaike. Dodo za kula nyumbani zitatoa zitakachotoa, na mti wa umri huo utakuwepo mwakani. Nguvu zako na salfa yako ziweke kwenye Kent. Kazi ambayo dodo zinaihitaji kweli ni kupunguzwa matawi. Mara tu baada ya kuvuna, mwezi wa kwanza au wa pili, mtafute mtu anayejua kupanda miti, akate matawi makavu, yanayosuguana na yaliyosongamana katikati, ili jua na upepo vipite ndani. Usicheleweshe kazi hiyo hadi mwezi wa tano, kwa sababu mti utatumia nguvu zake kutoa majani badala ya maua.

Sasa mikorosho. Mkoa wetu ni mgeni kwenye zao hili, kwa hiyo ni vizuri tujue lililowakuta waliotutangulia. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho takriban tani 145,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa na kuacha mashamba yao mbali, bei mbaya, mashamba kutelekezwa. Ubwiri unga uliikuta miti iliyotelekezwa hivyo ikiwa imesongamana, ukatamalaki. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimefanya kazi kubwa tangu hapo, na miche bora inayotokana na utafiti wake, mingine inayouvumilia ugonjwa huu kuliko mikorosho ya kawaida, ndiyo ya kutafuta mkiongeza shamba.

Mikorosho yako michanga bado haina maua, kwa hiyo kitakachoshambuliwa ni majani mapya. Jani la mkorosho likishakomaa halishikwi kwa urahisi. Ukungu unataka jani laini, ua, na tunda changa. Tazama majani machanga ya rangi ya kahawia-nyekundu yanapotoka. Ukiona yamekunjamana na kufunikwa weupe, yapigie salfa siku ileile unayopiga mwembe. Usiing'oe mikorosho wala usifikirie kuihamisha, maana vimbegu vya ukungu husafiri na upepo mbali kuliko uzio wako. Kinachosaidia zaidi ni kuukatia ukungu mahali pa kujificha. Kumbuka hauwezi kuishi kwenye kilichokufa. Msimu wote wa mvua, wakati hakuna maua, unahifadhiwa na machipukizi laini yanayoota ndani ya mti, kwenye kivuli cha shina. Mikorosho ikikua, machipukizi hayo yakatwe kila mwaka kabla ya maua kuanza, mwezi wa nne au wa tano. Na nafasi ya miti iwe mita 12 kwa 12. Najua ikiwa midogo nafasi hiyo inaonekana kama ardhi iliyopotea; pandeni karanga au kunde katikati, lakini msiisogeze.

Tumbaku ya baba watoto nimeiacha nyuma kwa sababu jibu lake lina pande mbili. Ukungu wa mwembe na mkorosho hauendi kwenye tumbaku, hilo aliondoe moyoni. Lakini tumbaku inao ubwiri unga wake, wa kundi la Golovinomyces, na ndani ya kundi hilo umo ukungu unaoweza kuishi kwenye tumbaku na pia kwenye jamii ya maboga. Kwa hiyo hofu yake haikuwa bure, ila alikuwa anatazama mti usiohusika. Ukungu wa maboga tunaoukuta mara nyingi kwenye joto ni ule Podosphaera, usiokwenda kwenye tumbaku, lakini kwa macho huwezi kuutofautisha na mwingine. Tahadhari ni rahisi: asipande maboga wala matango kandokando ya kitalu cha tumbaku au katikati ya shamba lake.

Jambo kubwa zaidi kwa tumbaku ni mashina ya msimu uliopita. Shina lililoachwa shambani baada ya kuvuna huchipua, na hayo maotea ya kijani yakibaki hadi mwezi wa tisa yanakuwa daraja la magonjwa na wadudu kuvukia msimu mpya. Ayang'oe yote na kuyaharibu sasa hivi, kabla hajafikiria kitalu. Msimu ukianza, ugonjwa utaanzia majani ya chini, yale yenye kivuli, hasa shamba likiwa limebanana au limezidishiwa mbolea ya naitrojeni. Majani ya chini yaliyoiva avune kwa wakati. Jani lenye ubwiri unga likikaushwa kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, linatoka jembamba, la kahawia, na daraja lake linashuka. Kuhusu dawa kwenye tumbaku sitamwandikia chochote, na salfa yako asiiguse: wanunuzi wanapima mabaki ya viuatilifu, hivyo atumie tu kilichoruhusiwa. Aulize kwa afisa ugani wa chama chake cha msingi au TORITA, kituo cha utafiti wa tumbaku, ambacho kiko hapahapa Tabora.

Nimalizie na maboga, maana yamesingiziwa bila kosa. Kama yameshazaa na maboga yenyewe yamekomaa, usipige chochote. Vuna, kisha toa mashina yote yanayotambaa shambani. Ubaya wa ubwiri unga kwenye boga ni kuua majani mapema, na majani yakifa mapema boga linakosa utamu na ganda linaunguzwa na jua. Kwa hiyo wa kulindwa ni mmea unaoendelea kukua, kama wale wanaolima matango na matikiti mbugani kiangazi. Kwao ninashauri maziwa. Mwaka 1999 mtafiti wa Brazil, Wagner Bettiol, alichapisha majaribio yake ya kupulizia maziwa mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji kwenye jamii ya maboga, na yalizuia ubwiri unga vizuri. Sehemu moja ya maziwa kwa sehemu tisa za maji, mara moja au mbili kwa wiki, kuanzia madoa ya kwanza yanapoonekana, juu na chini ya jani. Salfa kwenye jamii hii itumike kwa uangalifu, kwa sababu aina nyingine, hasa za matikiti, zinaungua nayo. Jaribu majani machache kwanza usubiri siku mbili.

Majani machanga yasiyo na unga endelea kuchuma mboga kama kawaida, mradi hujapiga dawa. Na mbegu za maboga hayo unaweza kuzihifadhi, kwa sababu ubwiri unga hausafiri ndani ya mbegu. Chagua boga lililokomaa vizuri, kausha mbegu zake kivulini, na mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza zipande, hata palepale kando ya miembe kama jua linafika.